Asilimia 90 si ukubwa wa saratani: vipokezi vya homoni, panya wa maabara na majibu ya mama

Swali: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61. Alikoma hedhi miaka tisa iliyopita, lakini mwaka huu akaanza tena kutokwa na damu. Amechukuliwa kinyama na majibu yanasema ni saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba, daraja la kwanza. Chini yake wameandika: vipokezi vya estrojeni asilimia 90, vipokezi vya projesteroni asilimia 80, p53 kawaida, Ki-67 asilimia 15. Nyumbani tumelia, maana tumeelewa saratani imeshafika asilimia 90. Mdogo wangu yuko chuo, anasema mambo haya yote yametokana na utafiti wa panya. Mama yangu si panya. Naomba unieleweshe hizo namba ni za nini, na panya anaingiaje hapa." Msomaji, Tabata.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Poleni sana, wewe na mama. Kabla sijagusa habari ya panya, nataka mfute machozi ya ile asilimia 90. Haisemi kwamba saratani imemla mama kwa asilimia 90. Haihusu ukubwa wa uvimbe, wala umbali uliokwenda. Inasema kwamba mtaalamu wa patholojia alipohesabu seli za uvimbe kwenye hadubini, katika kila seli 100 alikuta 90 bado zina kipokezi cha estrojeni ndani ya kiini. Kwa saratani ya aina hii, hiyo ni habari njema kuliko mbaya. Kuenea kwa ugonjwa hujulikana kwa picha na kwa upasuaji, na huandikwa kwa jina la hatua, ya kwanza hadi ya nne. Daraja ni kitu kingine: linaeleza seli za uvimbe zimeacha kwa kiasi gani kufanana na seli za kawaida. Daraja la kwanza maana yake bado zinafanana nazo sana.

Na jambo jingine la haraka, kwa sababu najua majirani wameshawaambia. Watu wetu husema "saratani ya kizazi" kwa magonjwa mawili tofauti. Ile inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi, inayoletwa na virusi vya HPV, ambayo wasichana wamekuwa wakichanjwa dhidi yake nchi nzima tangu 2018. Ya mama iko juu zaidi, ndani ya mfuko wenyewe, na kwa aina yake haitokani na virusi hivyo. Asiwepo mtu wa kumnyooshea mama kidole kuhusu wanaume.

Sasa nikuonyeshe zile namba zinapatikanaje, maana ndiyo kazi ninayoifanya kila siku. Kinyama hulowekwa kwenye formalini, kikagandishwa ndani ya nta, kisha kikakatwa kwa kisu maalumu vipande vyembamba vya maikromita tatu hadi tano, zaidi ya mara kumi chini ya unene wa unywele. Kipande hulazwa kwenye kioo, kikamwagiwa kingamwili iliyotengenezwa ili imtambue kipokezi peke yake, halafu kemikali inayogeuka kahawia pale kingamwili iliposhika. Mwisho hutiwa rangi ya buluu ili viini vyote vionekane. Ukiweka jicho, unaona tezi za mviringo zimebanana, viini vimepangana ukingoni mwake. Vyenye vipokezi vingi vina rangi ya kahawa chungu. Vyenye vichache ni kama chai ya maziwa. Vilivyokosa kabisa vimebaki buluu. Tunahesabu, tunaandika asilimia, na mara nyingi tunaandika na ukali wa rangi. Ile 90 ya mama ni hesabu hiyo.

Kipokezi ni protini. Kile cha estrojeni hukaa ndani ya kiini cha seli kikisubiri homoni. Estrojeni ikifika, vipokezi viwili hushikana, vikakaa juu ya uzi wa vinasaba na kuziamsha jeni fulani, nyingi zikiwa za kuiambia seli igawanyike. Lakini kati ya jeni zinazoamshwa imo ile ya kutengeneza kipokezi cha projesteroni. Naomba usome hapo mara mbili, kwa sababu ndipo ulipo ugonjwa wote huu. Projesteroni ndiyo homoni inayokuja kusimamisha ukuaji na kuziambia tezi zitulie, na estrojeni ndiyo inayomwandalia mwenzake kiti cha kukalia. Mwili umepanga kwamba anayeanzisha kazi amtayarishie pia mtu wa kuisimamisha. Shida huanza pale kiti kinapokuwa tayari na mwenyewe haji.

Mdogo wako amesema kweli kuhusu panya, tena zaidi ya anavyojua. Mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Chicago, Elwood Jensen na mwenzake waliwapa panya jike wachanga estrojeni iliyotiwa haidrojeni yenye mnururisho, ili waifuatilie inakokwenda mwilini. Misuli iliiachia ikapita. Mji wa mimba uliing'ang'ania. Ndipo ikaonekana kwamba kuna kitu ndani ya tishu hiyo kinachoipokea homoni. Kwa hiyo tuliutambua ushahidi wa kipokezi ndani ya mji wa mimba wa panya kabla hatujaanza kukihesabu kwenye kinyama cha mwanamke. Hata ndugu yake wa pili, kipokezi cha estrojeni cha beta, alipatikana 1996 nchini Sweden kutoka kwenye tezi dume ya panya. Yule wa kwanza ndipo akaitwa alfa. Katika ukuta wa mji wa mimba alfa ndiye mwenye sauti kubwa, na kwa kawaida ndiye aliyehesabiwa kwenye majibu ya mama.

Ninaposema panya, ninamaanisha yule mweupe wa maabara. Si panya buku wa Morogoro wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, wala si yule panya mdogo kabisa ambaye naye hutumika sana kwenye utafiti wa vinasaba. Kiswahili kinawaita wote panya, na habari nyingi za magazeti hupotea hapo, kwa sababu kinachotokea kwa mmoja si lazima kitokee kwa mwingine.

Mji wa mimba wa panya una pembe mbili ndefu, umbo la panda ya manati, tofauti na wa mwanamke. Hapati hedhi. Mzunguko wake ni wa siku nne au tano tu. Na baada ya yai kutoka, ovari yake haiendelei kutoa projesteroni ya kutosha kwa siku nyingi, isipokuwa amepandwa na dume. Tendo lenyewe hupeleka taarifa kwenye ubongo, homoni ya prolaktini ikapanda, na projesteroni ikaendelea kutoka kwa siku 12 hadi 14 hata kama hakushika mimba. Kwa maneno mengine, panya jike aliyekaa maisha yake yote bila dume hupata estrojeni kila baada ya siku chache, lakini projesteroni anaionja tu.

Sasa mwangalie panya huyo anapozeeka. Mwanamke akifika umri, mayai kwenye ovari huisha na estrojeni ya ovari hushuka. Kwa panya, kinachochoka kwanza ni ubongo, ile sehemu inayotoa ishara ya yai kutoka. Ovari inabaki na vifuko vinavyoendelea kumwaga estrojeni, yai halitoki, na kwa hiyo projesteroni haiji kabisa. Anabaki katika hali ya joto, yaani ya kutaka dume, siku zote, wiki kwa wiki. Kuna ukoo wa panya uitwao BDII, uliotunzwa Ujerumani, ambao zaidi ya asilimia 90 ya majike wasiozaa walipata saratani ya ukuta wa mji wa mimba wenyewe, bila kupewa sumu yoyote, kabla au karibu na kutimiza miaka miwili. Japani wana ukoo wa Donryu, nao huingia mapema kwenye hiyo hali ya estrojeni isiyopumzika, na saratani hii huwapata wengi wao uzeeni. Watafiti wakitaka kuiharakisha humwekea panya wa Donryu kemikali inayoharibu vinasaba ndani ya mji wa mimba, kisha wanaziacha homoni zimalizie.

Binti yangu, hapa ndipo mama yako na panya wanapokutana. Mama alikoma hedhi, ovari zake zikapumzika. Lakini mafuta ya mwili yana kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kinachogeuza homoni kutoka tezi zilizo juu ya figo kuwa estrojeni. Mwanamke mwenye mwili mkubwa aliyekoma hedhi anaendelea kutengeneza estrojeni kwenye mafuta, na hana projesteroni hata tone la kuizuia. Kisukari na insulini iliyopanda huongeza msukumo huo. Wasichana wenye tatizo la mayai kutopevuka nao hukaa miezi bila projesteroni. Njia ya panya ni ya ubongo uliochoka, ya mwanamke ni ya mafuta au ya ovari isiyotoa mayai, lakini ukuta wa mji wa mimba haujui tofauti hiyo. Unachojua ni kwamba unaambiwa kua, kua, kua, na hakuna anayeuambia basi. Marekani walilijua hili kwa uchungu mwaka 1975, ilipobainika kwamba wanawake waliopewa vidonge vya estrojeni peke yake baada ya kukoma hedhi walikuwa wanapata saratani hii kwa wingi. Tangu hapo mwanamke mwenye mji wa mimba akipewa estrojeni hupewa na projesteroni. Na kwa kuwa nasikia maneno mengi mitaani: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni zote mbili, na sindano ya projesteroni, hupunguza uwezekano wa kupata saratani hii ya mama.

Katika panya unaweza kuutazama ugonjwa ukijengwa, jambo ambalo kwa mwanamke hatuwezi, kwa sababu yeye tunamkuta siku ya damu. Kwanza tezi huongezeka, zikaanza kujazana. Kisha viini hupoteza mpangilio, vikawa vikubwa na vya maumbo ya ajabu. Kisha tezi zinavunja mipaka na kuingia kwenye msuli. Uvimbe wa mwanzo bado hubeba vipokezi, kwa maana bado unaisikiliza homoni iliyouzaa. Kadiri saratani inavyozidi kupoteza sura ya tezi, vipokezi hupungua, na ule wa wanawake wenye vipokezi vilivyotoweka mara nyingi ndio mkali. Ndiyo maana nikasema ile 90 na ile 80 za mama ni habari njema. Seli zake bado zinasikia. Kipokezi cha projesteroni kina thamani ya pekee, kwa sababu uwepo wake unaonyesha njia yote ya estrojeni inafanya kazi hadi mwisho, na ndicho kinachoipa nafasi dawa ya jamii ya projesteroni pale inapohitajika, kama kwa binti anayetaka kuzaa au mgonjwa asiyeweza kufanyiwa upasuaji. Kwa mama wa miaka 61 mwenye afya ya kuhimili, tiba ya kwanza kwa kawaida ni kuondoa mji wa mimba pamoja na mirija na ovari.

Alama nyingine mbili. Ki-67 ni protini iliyopo kwenye seli inayogawanyika na isiyokuwepo kwenye iliyopumzika, hivyo asilimia 15 ni idadi ya seli zilizokuwa kazini kinyama kilipochukuliwa. p53 ni protini inayoisimamisha seli yenye vinasaba vilivyoharibika isigawanyike, na hii inachanganya hata madaktari vijana. Ikiwa nzima, huonekana seli moja moja zenye rangi, hafifu, zimetawanyika. Huo ndio mwonekano unaoitwa kawaida. Ikiharibika, mara nyingi seli karibu zote huwa kahawia nzito, au kinyume chake hazina rangi hata moja. Kwa hiyo p53 iliyoandikwa "hasi" si lazima iwe nzuri. Ya mama imeandikwa "kawaida", nayo inaiweka saratani yake mbali na lile kundi kali ambalo halitegemei homoni.

Lakini si kila cha panya ni cha mama. Nikupe mifano miwili. Tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, huziba kipokezi cha estrojeni kwenye titi lakini kwenye mji wa mimba hufanya kazi kama estrojeni hafifu. Kwa wanawake iliongeza saratani ya mji wa mimba, na mwaka 1996 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaiweka rasmi kwenye orodha ya visababishi, ingawa faida yake kwa titi ni kubwa kuliko hatari hiyo. Panya waliopewa dawa hiyohiyo walipata hasa saratani ya ini. Kwa upande wa pili, bromokriptini, dawa ya kushusha prolaktini, iliwaletea panya wazee uvimbe wa mji wa mimba. Lakini umeona jinsi panya anavyoitegemea prolaktini ili projesteroni iendelee kutoka. Mwanamke haitegemei hivyo. Kwa hiyo matokeo yale ni ya panya na yabaki kwa panya. Hata kipokezi cha beta: panya ana toleo lenye kipande cha ziada cha asidi amino 18 ambacho binadamu hana. Mtu asiyejua haya husoma kichwa cha habari, kisha anaacha dawa.

Panya huyu pia anatulinda kwa namna ambayo watu hawaioni. Kemikali ikishukiwa kuiga estrojeni, iwe dawa ya wadudu au ya kutengenezea plastiki, hupewa panya jike wachanga au walioondolewa ovari kwa siku tatu mfululizo, kisha mji wa mimba unapimwa kwenye mizani. Ukiwa mzito, kemikali hiyo imekigusa kipokezi. Kipimo hicho ni mwongozo wa kimataifa tangu 2007, na kimejengwa juu ya tishu ileile ya Jensen.

Mdogo wako, kama ndoto yake ni maabara, mwambie haya kutoka kwangu. Ki-67 ya panya hupanda na kushuka ndani ya zile siku nne za mzunguko, kwa hiyo asiyepima ute wa uke kujua siku ya panya wake atalinganisha kisichofanana kisha ashangae. Kingamwili ya Ki-67 tuliyoizoea kwa binadamu, MIB-1, kwa panya haishiki. Kuna nyingine kwa ajili yake. Seli za tezi na za tishu inayozishikilia zihesabiwe mbalimbali, maana majaribio ya panya wadogo yameonyesha kwamba amri ya kugawanyika hupitia sana kwenye hiyo tishu ya chini kabla ya kuifikia tezi. Na kipokezi cha beta asikiamini haraka: mwaka 2017 watafiti walizipima kingamwili 13 zilizokuwa zikitumika kukitafuta, moja tu ndiyo ikaonekana inakitambua kweli. Maandiko mengi ya nyuma yanayosema beta iko hapa na pale yasomwe kwa tahadhari hiyo.

Tahadhari hiyo inahusu na kinyama cha binadamu. Niliwahi kupokea kinyama kutoka mkoani, kimesafiri kwa basi usiku kucha ndani ya chupa yenye maji ya chumvi badala ya formalini. Kilipofika kilikuwa kimelegea. Nilikipitisha kwenye hatua zote na kikatoka buluu tupu, hakuna kipokezi hata kimoja. Kama ningeliandika "hasi" nikasaini, mama yule angehesabiwa kuwa na saratani kali kumbe protini zilikuwa zimeoza njiani. Tuliomba kinyama kipya, kikawekwa kwenye formalini ndani ya saa ileile, na vipokezi vikaonekana vimejaa. Tangu siku hiyo huwa natazama kwanza tezi za kawaida zilizo pembeni ya uvimbe. Zikiwa na rangi, naamini kipimo. Zikiwa buluu nazo, sisaini.

Mama alifanya vizuri kwenda. Wapo wanaosema ujana umerudi, wakanunua pedi na kunyamaza. Kati ya wanawake 100 wanaotokwa na damu baada ya kukoma hedhi, takriban tisa hukutwa na saratani hii, na karibu 90 kati ya kila wanawake 100 wenye saratani hii walianza kwa damu hiyo.

Kliniki ijayo muulizeni daktari mambo haya. Kwanza, picha zinaonyesha saratani ni ya hatua gani na imeingia kwenye msuli kwa kiasi gani. Pili, protini nne za kurekebisha makosa ya vinasaba, yaani MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, zimepimwa au bado. Hili linakuhusu wewe na ndugu zako. Ikikosekana mojawapo, huenda pakawa na hitilafu ya kurithi inayoleta saratani hii na ya utumbo mpana katika ukoo, na kipimo zaidi kinaweza kuhitajika. Kama kuna shangazi, bibi au mjomba aliyepata saratani ya utumbo au ya mji wa mimba kabla ya miaka 50, mtajeni hata kama mnaona ni habari za zamani.

Na ombeni namba ya kipande cha nta chenye kinyama cha mama. Kile kipande hakitupwi baada ya majibu. Kikihifadhiwa vizuri hudumu miaka mingi, na kinaweza kukatwa tena, kupimwa alama nyingine, au kupelekwa kwa mtaalamu mwingine bila mama kuchomwa mara ya pili. Iandikeni namba hiyo nyuma ya kadi yake ya kliniki, kwa kalamu isiyofutika.